Siku moja Mallorca bila gari

Dada, kwa siku moja bila gari huko Mallorca, kisiwa cha Uhispania, usikimbizane na vijiji vitano. Chukua Valldemossa na Sóller tu. Panda basi la asubuhi kutoka Palma, mji mkuu wa kisiwa, uwahi Valldemossa kabla watalii hawajajaa. Kando ya milango utaona vigae vidogo vyenye picha ya Mtakatifu Catalina Thomàs, binti wa kijiji hicho. Usiondoke bila kuonja coca de patata, mkate laini wa viazi ulionyunyiziwa sukari ya unga. Mimi niliagiza mara mbili. Kisha panda basi la kwenda Sóller kupitia kijiji cha Deià, ukae upande wa kushoto, bahari yote ni yako! Jioni rudi Palma kwa treni ya mbao iliyoanza 1912, inayopenya milima kwa mahandaki 13.