Ushuhuda Niliolazimika Kuufuta

Wiki hii dada mmoja ameniandikia: "Nimeokoka, lakini kazini kwetu kila mtu anakula. Nisipokula nao naonekana mchawi. Nitazaaje matunda mahali kama hapa?" Ningeweza kumtumia mistari mitatu ya Biblia nikamaliza. Ila nina jambo langu, na hadi leo ni watu wa jumuiya yangu tu wanaolijua.

Nauza mashuka na mapazia Kariakoo. Mwanzoni mwa 2024 alikuja mnunuzi wa taasisi moja, akataka mashuka 60. Bei yangu ilikuwa 25,000. Akainamia meza, akasema taratibu, "Niandikie 35,000, dada, tusaidiane." Mnaofanya biashara mjini hapa mnaijua hiyo tusaidiane. Cha juu kilikuwa laki sita. Tano zikaenda kwake, moja akaniachia.

Lililoniumiza zaidi lilikuja Jumapili. Ile laki moja niliitia kwenye bahasha ya shukrani, nikasimama mbele ya usharika, nikashuhudia jinsi Mungu alivyonifungulia mlango wa tenda. Vigelegele vikapigwa. Mama mmoja akanikumbatia na kuniomba nimwombee na yeye apate mlango kama wangu. Nikamwombea.

Mwezi wa kumi nikagundua binti anayenisaidia dukani anauza shuka 28,000, kwenye daftari anaandika 25,000. Nilifoka mpaka majirani wa fremu wakachungulia. Yeye alisimama na kalamu mkononi, hakulia, hakukana. "Dada, si ndivyo tunavyofanya? Mimi nilikuwa naona unavyoandika."

Nilimsamehe kwa mdomo. Moyoni nilimchukia kwa wiki kadhaa, kwa kuwa alisema kweli.

Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa likaanguka hapa hapa Kariakoo. Nilikuwa kwenye mwendokasi natoka Kimara. Waliofukiwa ni watu wa kazi kama yangu, waliotoka nyumbani asubuhi kama mimi. Usiku sikulala. Niliwaza: ningekuwa mle, yule mama angesimama msibani kwangu aseme nilikuwa mwanamke wa Mungu aliyebarikiwa tenda.

Nikafungua Luka 19, habari za Zakayo. "Namrudishia mara nne." Laki moja mara nne ni laki nne, kwa bei yangu ni mashuka 16. Nilimpigia yule mnunuzi kwanza, nikamweleza ninachokwenda kufanya. Akakata simu, hajapiga tena. Nikayafunga mashuka, nikayapeleka kwa bajaji hadi stoo ya taasisi ile. Mtunza stoo akauliza, "Oda namba ngapi?" Nikamwambia hakuna oda, ni deni langu. Akayahesabu mara mbili, akasaini. Karatasi ile ninayo, imo ndani ya Biblia yangu, na sioni haya kusema najivunia kuliko vyeti vyangu vyote.

Kisha nikausahihisha ushuhuda wangu mbele ya jumuiya. Nilitegemea machozi na kukumbatiwa. Mzee mmoja akaniambia, "Mungu alishapokea sadaka, wewe unafukua nini?" Neno hilo bado linaniuma. Yule mama siku hizi ananunua mashuka duka la mtu mwingine. Fremu yangu ya pili niliirudisha kwa mwenye nyumba, kodi ilinishinda.

Kwa hiyo, dada yangu, sikudanganyi kwamba uaminifu unalipa upesi. Tumezoeshwa kuhesabu matunda kwa gari na kiwanja cha Kigamboni. Soma Wagalatia 5:22 polepole: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu. Tenda haimo. Na katika Yohana 15 Bwana anasema, "akaaye ndani yangu nami ndani yake, huyo huzaa sana." Akaaye! Tawi halikunji uso ili lizae, linakaa kwenye shina lake. Mimi Jumapili nilikuwa kwenye shina, Jumatatu nimejipachika kwenye mfuko wa mnunuzi. Tuache, jamani. Tuache kumpelekea Mungu cha juu tukiita baraka.

Kaa na Neno kabla hujashika simu asubuhi. Halafu tafuta mtu mmoja wa kumwambia ukweli, na umwambie kwa tarakimu. Miezi yote ile niliomba niombewe "changamoto za biashara", na hakuna aliyejua changamoto yenyewe ni laki moja. Neno changamoto limetufichia dhambi nyingi makanisani. Taja kiasi, taja siku.

Kazini usiwahubirie. Fomu ya posho ikifika kwako, andika siku ulizosafiri kweli, saini, mpe anayefuata. Watasema. Bwana alishatuambia, "Ulimwenguni mnayo dhiki, lakini jipeni moyo."

Binti yangu wa dukani bado yupo. Jioni tunafunga hesabu wote wawili, yeye anasoma, mimi naandika. Juzi alinisimamisha katikati: "Dada, hiyo ni ishirini na sita, umeandika ishirini na tano." Nikafuta, nikaandika upya.