Miguu Inauma Lakini Mpira Hataki Kuacha: Majibu ya Maswali Yenu

Mwezi huu meseji zimejaa habari za miguu ya watoto, nadhani ni kwa vile shule nyingi ziko kwenye mazoezi ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, na jioni kila kiwanja kina watoto kuanzia Mikindani mpaka Nachingwea. Nimechukua nne, zingine zinafanana na hizi.

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 11, tupo Masasi. Anacheza mpira shule, akirudi anaingia chandimu mtaani mpaka giza, na jumamosi ana timu ya watoto. Sasa mwezi wa pili huu visigino vinamuuma, mechi ikiisha anatembelea vidole, asubuhi akishuka kitandani anachechemea kidogo alafu inaachia. Hamna uvimbe, hamna mwiba, nimeangalia. Baba yake anasema anadeka. Nimkataze mpira?
Mama wa watatu, Masasi

JIBU: Dada yangu, huyo mtoto hadeki. Mtoto anayedeka anaumwa akitumwa maji, huyu anaumwa kwenye kitu anachokipenda kuliko vyote na bado anaendelea kukifanya, muaminini.

Iko hivi. Kwenye umri wa miaka 8 mpaka 14 mfupa wa kisigino unakuwa bado haujaunga, nyuma yake kuna sehemu laini ya gegedu ambayo mfupa unakulia hapo, na hapo hapo ndio inajishika ile kano nene inayoshuka kutoka shavu la mguu. Mtoto akianza kurefuka mfupa unatangulia, misuli na kano zinabaki zimekaza, kwaiyo kila akikimbia au kuruka kano inavuta ile sehemu laini, ni kama kamba ya nguo umeifunga kwenye mche mchanga, upepo ukivuma anayeumia ni mche. Madaktari wanaita ugonjwa wa Sever, ni daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1912, na hilo neno ugonjwa linatisha watu bure maana unaisha wenyewe mfupa ukishaunga, mara nyingi kabla ya miaka 15, na hauachi kilema.

Jaribu kumbana kisigino kwa pembeni, kushoto na kulia kwa pamoja, kwa viganja vyako. Akishtuka hapo hapo basi karibu unayo majibu.

Kumkataza kabisa sishauri. Mpira wenyewe hauna ubaya, shida ni wingi, hebu hesabu, shule, chandimu, jumamosi, mguu unapumzika saa ngapi? Mi ningeanza kuondoa chandimu kwa wiki kadhaa, na kati ya siku mbili za mpira iwepo moja ya kukaa. Alafu mfundishe kuyapima maumivu mwenyewe, sifuri ni haumwi kabisa na kumi ni yasiyovumilika. Yakiwa mbili au tatu na asubuhi yake yameisha, acheze. Yakizidi hapo, au akaanza kuchechemea uwanjani, atoke. Ukiona asubuhi kaamka vibaya kuliko jana ujue jana alizidisha, punguza.

Viatu navyo. Njumu nyingi ni bapa na kisigino chake kiko chini, ukizichanganya na udongo wenu ulivyokauka kiangazi kisigino kinapigwa kila hatua, na peku ni vile vile. Kwa sasa avae raba yenye soli nene, kata sponji ngumu unene wa sentimita moja hivi uweke ndani chini ya kisigino, viatu vyote viwili hata kama anaumwa mguu mmoja, asije akatembea upande. Akitoka mazoezini chukua kandoro iliyoganda (maji ya mfuko), ifunge kwenye kipande cha kanga, dada yake amuwekee au mwenyewe ajishikie dakika 10 mpaka 15. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, inaunguza.

Jioni asimame ameegemea ukuta kwa mikono, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka na kisigino kiko chini, aegemee mbele mpaka asikie shavu la mguu linavutika, sekunde 30 mara tatu, alafu arudie goti likiwa limepinda kidogo. Avutike, asiumie. Hilo zoezi linaonekana dogo lakini ndio linaloregeza ile kano, na watoto wengi wanaliacha siku ya tatu kwa vile hawaoni kitu, msimamie.

Dawa, parasetamo kwa uzito wake inatosha siku ikiwa mbaya. Aspirini usimpe, haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 16, na zile diklofenaki za kununua tu dukani achana nazo. Na naomba sana, usimpe kidonge kabla ya mechi ili aweze kucheza, maumivu ndio yanayomwambia asimame, ukiyazima ataumia zaidi. Itachukua wiki kadhaa, pengine miezi miwili mitatu, na inaweza kurudi akianza tena kurefuka. Baba mtu mpe hii asome.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya msingi hapa Lindi. Kwenye timu yangu ya netiboli wasichana wawili wa darasa la sita na la saba wametoka kinundu kigumu chini ya goti, kikiguswa wanaruka. Mmoja wazazi wanataka kumpeleka akachomwe sindano kwenye goti ili awahi mashindano. Nifanyeje?
Mwalimu, Lindi

JIBU: Mwalimu, shukrani kwa kuuliza kabla ya mashindano, wengi wanauliza baada. Hicho kinundu kipo pale kano inayotoka kwenye pia ya goti inapojishika kwenye mfupa wa muundi, na pale pia pana sehemu laini ya kukulia. Tatizo hili linaitwa Osgood-Schlatter, ni majina ya madaktari wawili, Mmarekani na Mswisi, kila mmoja alilieleza kivyake mwaka 1903. Wasichana linawapata mapema kuliko wavulana, kuanzia miaka 10 hivi, sababu wao wanaanza kurefuka mapema. Na netiboli mwenyewe unaijua, kuruka, kudaka, kutua na kusimama hapo hapo maana sheria hairuhusu kutembea na mpira, kila kutua paja linavuta ile kano kwa nguvu.

Sindano hapana. Sehemu ile ni ya mfupa unaokua, kuichoma dawa za kupunguza uvimbe kunaweza kuidhoofisha kano yenyewe, wazazi waambie hivyo hivyo.

La pili nitaliomba kwa walimu wote mnaosoma, ondoeni kichurachura. Kama mazoezi ondoeni, kama adhabu ndio kabisa. Mtoto mwenye goti la hivyo ukimrusha kichurachura kuzunguka uwanja umemponda pale pale panapouma, na kumpigisha magoti kwenye sakafu ya saruji ni hivyo hivyo. Najua ni mazoea ya miaka mingi na najua darasa la watoto 70 halitulizwi kwa maneno tu, ila tafuta adhabu nyingine. Nyumbani wakati wa kuswali wamwekee mto mwembamba au kanga iliyokunjwa chini ya magoti.

Kuwaondoa timuni sio lazima. Mfungaji anaweza kufanya mazoezi ya kufunga akiwa amesimama bila kuruka, pasi za kifua wanaweza, kukimbia taratibu kwenye mchanga wa ufukweni ulioshikana wanaweza kama hawaumii, kuruka na kusimama ghafla ndio mnapunguza mpaka watulie. Kipimo ni kile nilichompa mama wa Masasi. Wavute paja la mbele, anasimama, anashika mguu kwa nyuma anauleta kwenye kalio, sekunde 30, ila ikiwa kuukunja hivyo kunauma pale kwenye kinundu aache kwanza, na aanze na kukaza paja mguu ukiwa umenyooka, anahesabu mpaka tano anaachia, mara kumi kumi. Kinundu chenyewe kinaweza kubaki maisha yote na hakina madhara, maumivu yanaisha wakimaliza kukua, wengine inachukua mwaka au miwili ikija na kuondoka.

Mambo mawili usiyachukulie poa. Mtoto akiruka akasikia kitu kimelia pa! kwenye goti alafu hawezi kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, kano inaweza kuwa imeng'oa kipande cha mfupa. Na mtoto wa miaka 10 mpaka 15 anayelalamika goti au paja, lakini ukishika goti halina kitu, anachechemea na mguu umegeukia nje, angalieni nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kwenye ile ile sehemu laini ya kukulia, maumivu yanasikika gotini wakati shida iko juu. Huyo asitembee, abebwe, apigwe eksirei ya nyonga haraka, kila siku anayotembea inazidi kuharibika.

SWALI: Vidonge vya kalsiamu vya duka la dawa vitamsaidia mwanangu mwenye maumivu ya kukua? Maziwa bei.
Baba, Nachingwea

JIBU: Kaka, havitibu maumivu haya, weka hela yako. Mpe dagaa anaotafuna mzima na mifupa yake, kunde, mbaazi, kisamvu, jua tunalo, na alale mapema. Maziwa yakipatikana vizuri, yasipopatikana mtoto hajapotea.

SWALI: Mwanangu, nina mjukuu wa miaka 5 hapa Mikindani, usiku analia miguu, anashika miundi na nyuma ya magoti, yote miwili. Asubuhi anakimbia chuo kama hakuna kitu. Majirani wanasema kakanyaga kitu, achanjwe chale. Nami naogopa.
Bibi, Mikindani

JIBU: Shikamoo bibi. Hakukanyaga kitu. Maumivu ya namna hiyo, ndio yale yanayoitwa ya kukua, yanawapata watoto wengi wa miaka 3 mpaka 12, yanakuja jioni au usiku, miguu yote miwili, hasa siku aliyokimbia sana, asubuhi yameisha na mtoto anacheza. Mchue taratibu kwa mafuta ya nazi, mkande na kitambaa cha maji ya uvuguvugu (ujaribu kwanza kwenye mkono wako), kaa naye mpaka alale, na ikizidi parasetamo dozi moja. Unapomchua na akatulia, anataka uendelee, hiyo ni dalili nzuri, mwenye ugonjwa wa mfupa hataki hata umguse. Chale usikubali, wembe unaleta vidonda na maradhi na miguu itaendelea kuuma vile vile.

Ila kuna watoto ambao sio haya, na huku kwetu lazima niseme sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, maana Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Kama maumivu yanamshika mchana pia, au macho yana manjano, ni mweupe viganjani, au utotoni aliwahi kuvimba mikono na miguu, apimwe damu. Vile vile kama unauma mguu mmoja tu kila siku, sehemu ile ile, kumevimba au kuna joto, ana homa, anachechemea asubuhi, anakonda, au maumivu yanamwamsha na kuchua hakusaidii, usingoje. Homa na mguu asioweza kuukanyaga ni siku hiyo hiyo, inaweza kuwa usaha kwenye mfupa. Kwako hospitali ya Ligula ndio karibu, walio Lindi waende hospitali ya Sokoine, Masasi upande wa Ndanda kuna hospitali ya misheni. Ukifika mwambie daktari inaanza saa ngapi, mguu upi, asubuhi anakuwaje, na kama upande wa baba au mama kuna mwenye sikoseli.