Mashine ya boti imepungua nguvu? Isikilize kabla hujaifungua

Mwaka juzi, kusi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, mashine yangu iliniingizia mchezo. Ni ya farasi 40, silinda mbili, zile za kuchanganya petroli na oili, na niliinunua ikiwa kuukuu tayari. Kutoka Tudor, hapa Mombasa, hadi chini ya daraja la Nyali ilikwenda vizuri. Nikifika usawa wa Bandari ya Kale na kuzungusha mkono hadi mwisho, ilipanda sekunde kama ishirini, kisha ikalegea kama mtu aliyeishiwa pumzi. Nikipunguza, inatulia. Nikiongeza, yale yale. Siku moja maji yalikuwa yanajaa kwa nguvu za bamvua nami natoka, na kwa robo saa nzima niliitazama Ngome ya Yesu ikiwa pale pale mkono wangu wa kulia, haisogei.

Fundi wa kwanza hakuigusa sana. Aliisikiliza ikiwa nchi kavu, akatikisa kichwa: imezeeka, pistoni zimelika, lete pesa ya pistoni na ringi. Nilikuwa njiani kuzitafuta hizo pesa nilipomkuta mzee mmoja ambaye amefungua mashine za boti tangu mimi sijazaliwa. Aliniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, ikipoteza nguvu yalia ama yanyamaza?"

"Yanyamaza, mzee."

"Basi usifungue kitu. Anza kwenye tanki."

Tangu siku ile, kila anayenijia na mashine iliyopungua nguvu namuuliza hivyo hivyo. Jibu lake linagawa kazi mara mbili.

Ikiwa mashine inalia juu kabisa lakini boti haiendi, mashine ni nzima. Inazunguka, ila nguvu haifiki majini. Tazama propela. Katikati yake mara nyingi mna mpira ulioshika bomba la ndani, nao ukichakaa unateleza: mashine inapiga kelele, propela inajizungukia kivivu. Piga mstari mmoja wa rangi kuanzia bomba la ndani hadi kwenye propela yenyewe, nenda ukaiendeshe kwa nguvu, rudi utazame. Mistari ikiwa imeachana, umempata mwizi wako.

Lakini ikiwa hailii, imebanwa, hapo ndipo kwenye kazi. Kwanza hakikisha haikubebeshwa mzigo isiouweza. Boti iliyokaa majini miezi miwili hapa kwetu huota majani na vikome chini, ikawa nzito kama imefungwa nanga, na mashine hulaumiwa bure. Wazee hawakupaka deheni, yale mafuta ya chini ya chombo, kwa urembo. Pia fungua kifuniko, mwambie mtu azungushe mkono hadi mwisho mashine ikiwa imezimwa, utazame kama kabureta inafunguka yote. Waya ukivutika kwa uzee, wewe unadhani umempa chote kumbe umempa nusu.

Kisha petroli, na usiruke hatua. Legeza kile kiskurubu cha pumzi, cha kuingiza hewa, kwenye mfuniko wa tanki. Usicheke, nimevuta boti ya watu hadi ufukweni kwa sababu hiyo tu. Mimina petroli kidogo kutoka chini ya tanki kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji yakiwemo yatakaa chini na utaona mpaka wake. Safisha chujio.

Sasa jaribio lililoniokoa. Nenda majini na mtu wa pili. Mashine ikianza kulegea, yeye aminye kile kibofu cha mpira kwenye paipu ya petroli. Nguvu zikirudi kila anapominya, mashine ina njaa: ama pampu yake ya petroli imechoka ngozi, ama kuna mahali inavuta hewa, ama kuna kizuizi njiani. Kibofu kikinywea chenyewe bila kuminywa, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tanki.

Changu kilinywea. Tanki safi, pumzi wazi, chujio safi. Niliipasua ile paipu kwa kisu kwa urefu wake, na nje ilikuwa inang'aa kama mpya. Ndani, ngozi ya mpira ilikuwa imebanduka, imejikunja kama ulimi. Mwendo mdogo petroli ilipita pembeni yake. Nikivuta sana, ulimi ule ulisimama na kuziba njia. Paipu ya mita mbili, na mtu alitaka kunifungulia silinda!

Na usiendelee kuilazimisha mashine yenye njaa. Hizi za kuchanganya hupata oili yao ndani ya petroli hiyo hiyo, kwa hiyo petroli ikipungua na oili imepungua, na pistoni inaungua kweli. Kwa mashine inayotaka 50 kwa 1, jerikani ya lita 20 ni mililita 400 za oili. Pima, usikisie kwa kifuniko cha chupa.

Petroli ikiwa haina kosa, toa plagi. Rangi ya biskuti ni salama. Moja ikiwa kavu na nyingine imelowa oili, nyeusi, silinda hiyo ya pili haiwaki, fuata waya na koili yake. Nyeupe kama chokaa inasema joto limezidi au petroli ni chache, safisha jeti, vile vitundu vya petroli vya kabureta, na utazame maji ya kupoza. Mashine isiyokojoa vizuri, yaani haitemi maji hayo nje, usiende nayo mbali. Chumvi huganda kwenye njia zake, na wengi wetu huiosha kwa maji ya kisima ambayo nayo yana chumvi. Yakipatikana maji matamu, ya mvua hata, mpe dakika kumi.

Mwisho kabisa ndipo kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda. Azima geji, toa plagi zote, waya zake ziguse chuma cha mashine, fungua mkono hadi mwisho, vuta kamba mpaka mshale usimame. Namba moja peke yake haisemi mengi, tazama tofauti. Silinda mbili zikipishana zaidi ya asilimia 15, hapo yule fundi wa pistoni ana haki yake. Yangu mwezi uliopita ilisoma 112 na 106. Nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko, chini ya zile za mwaka jana.