Kabla Hujagawa Diski: Kwa Wanaoanza Kusakinisha Linux

Wanaoanza kusakinisha Linux huniuliza: diski niigawe patisheni (sehemu zinazojitegemea) ngapi? Nami huwauliza: siku mfumo ukiharibika ikabidi uusakinishe upya, ni kitu gani hutaki kiguswe? Hicho kipe patisheni yake. Vilivyobaki vinaweza kukaa pamoja.

Kwa kompyuta ya mtu mmoja, mara nyingi zinatosha patisheni tatu. Moja ni ndogo, ya kuwashia, ambayo UEFI, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, huisoma. Hii hufomatiwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili. Windows kwa kawaida huitengea megabaiti 100, na ukiongeza mfumo wa pili inaweza kubana, hivyo ukianza na diski tupu tenga 512 au gigabaiti nzima. Ya pili ni mzizi, yaani /, mnamokaa mfumo na programu. Ya tatu ni /home, yenye kazi zako, picha na mipangilio. Ukisakinisha upya, unafomati mzizi tu. Nayo /home unaiteua ilivyo, ukihakikisha alama ya kufomati haimo.

Wengi hujikwaa kwenye ukubwa wa mzizi. Wanasoma kwamba mfumo unahitaji gigabaiti 20, wanatoa 20 kamili. Siku ya kwanza mambo ni shwari. Miezi ikipita, keneli (kiini cha Linux) za zamani zinarundikana, vifurushi vilivyopakuliwa vinajaa /var/cache, logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) zinakua ndani ya /var/log, programu za Flatpak, zinazokuja na vitegemezi vyake, nazo zinadai nafasi yao humo humo /var. Anayetumia Docker, zana ya kuendesha programu ndani ya kontena zilizotengwa, ndiye huumia zaidi, maana kila taswira (kifurushi cha kuanzishia kontena) hutua ndani ya /var/lib. Mzizi ukijaa, sasisho hukatika katikati, na pengine hata kuingia kwenye akaunti yako hushindikana, huku /home ikiwa na nafasi tele isiyokufaa kitu. Kwa matumizi ya kawaida mimi hutoa gigabaiti 60, na 100 au zaidi kwa mwenye kontena.

Sisitizo langu lina sababu: kurekebisha baadaye ni kazi ngumu. Kupanua patisheni kuelekea nafasi tupu iliyo mbele yake ni rahisi. Lakini /home ikiwa imeufuata mzizi moja kwa moja, lazima uusogeze mwanzo wa /home, na data yote ihamishwe. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, unaweza kupoteza kila kitu. Tena patisheni yenye mfumo wa faili wa ext4 hupunguzwa ikiwa imeshushwa tu, yaani haitumiki na mfumo, na yenye XFS usitegemee kuipunguza kabisa. Kwa hiyo usigawe diski yote siku ya kwanza. Acha nafasi bila kuigawa baada ya mzizi, au tumia LVM, tabaka la kugawa diski kwa programu, ambayo haijali nafasi ya kuongezea iko upande gani wa diski.

Kutenganisha /var, /tmp na kadhalika kwenye kompyuta binafsi sikushauri. Unajiongezea kuta za kugonga. Kwenye seva ni sawa, hasa /var, ili logi zikifurika zisiuzibe mfumo mzima. Kwa swapu, nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa, faili linatosha, ila ukitaka kompyuta ilale kwa kuhifadhi hali yake diskini, tenga isiyopungua RAM yako. Jedwali la kuorodhesha patisheni chagua GPT: MBR, la zamani, huishia patisheni kuu 4 na, kwa sekta za baiti 512, terabaiti 2 hivi.

Kama Windows itabaki, punguza patisheni yake ukiwa ndani ya Windows yenyewe, zima uwashaji wake wa haraka, na kama BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, inafanya kazi, hifadhi ufunguo wa kuokolea mahali pengine kwanza.

Halafu nakili faili zako kwenye diski ya nje, maana /home iliyotengwa hufa pamoja na diski yake. Kwenye kisakinishi usiamini jina kama sda peke yake, kwa kuwa flashi nayo inaweza kulichukua. Linganisha ukubwa na modeli ya diski, ichomoe ile ya nje, ndipo ukubali mabadiliko.