Atropini: kipimo chake ni kifua
Wadogo zangu mnaoripoti kwenye vituo vya afya vya Chamwino, Bahi na Kongwa, chuoni wengi mmeisoma atropini kama dawa ya kupandisha mapigo ya moyo yaliyoshuka na kukausha mate kabla ya upasuaji. Huku kwenye mashamba ya zabibu mtaihitaji kwa jambo zito zaidi. Mtu analetwa kwa bodaboda, nguo zimelowa dawa ya wadudu, mate na jasho vinamtiririka, mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano, kifua kinakoroma.

Viuatilifu vya oganofosfeti huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kuamrisha tezi na misuli. Ikirundikana, tezi zinamwaga maji bila kikomo, na kinachoua haraka ni yale yanayojaa njia ya hewa. Atropini inaiziba asetilikolini isifanye kazi hapo.

Vaa glavu, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni, lakini sindano isisubiri. Mtu mzima anza na mg 1 hadi 3 kwenye mshipa. Baada ya dakika 5 weka stetoskopu: kama kifua bado kina maji, rudia kwa dozi maradufu, na uendelee hivyo. Ampuli zinaweza kuisha kwa makumi, na hapo ndipo wageni wa kazi huogopa. Wanaona mapigo 120, wanaacha. Msiache! Mapigo ya kasi si sababu ya kumnyima, na mboni huchelewa kufunguka. Mnachotafuta ni kifua kikavu, makwapa makavu, mapigo ya moyo na namba ya juu ya kipimo cha presha vyote zaidi ya 80.

Akifika hapo, mwekee dripu ya atropini: kila saa asilimia 10 hadi 20 ya jumla ya dozi alizopewa. Akianza kuweweseka, joto likapanda na tumbo likawa kimya kwenye stetoskopu, atropini imezidi. Simamisha, kisha urudi kwa kiwango cha chini. Mchana wa jua la Dodoma mpooze mwili mapema, maana jasho mmeshalikausha.

Udhaifu wa misuli atropini haiugusi. Huweza kuja siku ya pili hadi ya nne, mgonjwa akiwa anaongea na ndugu wakiomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Kila zamu mwambieni ainue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, pigeni simu ya rufaa saa hiyohiyo, kwa sababu kinachofuata ni misuli ya kupumulia, na atahitaji mashine.