Diskasi wakianza kuwa weusi usikimbilie dawa, anza na maji

Mkuu, umesema diskasi wako watatu, hawa samaki wa mapambo, kwenye tangi la lita 120 wamekuwa weusi tangu wiki iliyopita, wamejibana kona moja, mmoja anatoa kinyesi cheupe kama uzi, na umeshanunua dawa aina mbili unataka kujua uanze na ipi. Naomba usianze na yoyote kwanza. Nimepita hapohapo ulipo, nilianza na dawa, na nikapoteza samaki wanne kati ya sita ndani ya siku 11. Mpaka leo naumia, maana yule mkubwa alikuwa ashazoea kula mkononi mwangu.

Ilikuwa hivi. Samaki wangu walivyoanza kuwa weusi nikaona huo ni ugonjwa, nikamwaga dawa ya kuua bakteria humohumo kwenye tangi kubwa. Sasa dawa ya hivyo haichagui, inaweza kuua na wale bakteria wazuri wanaokaa kwenye sponji ya filta, ambao kazi yao ni kugeuza amonia kuwa nitriti afu nitriti kuwa nitrati. Wakishakufa hao, mkojo na kinyesi na mabaki ya chakula vyote vinabaki amonia tupu, na kwenye maji ya moto yenye pH (kipimo cha asidi ya maji) juu ya 7 amonia inakuwa sumu kali zaidi kuliko kwenye maji ya baridi yenye asidi. Samaki wakaanza kuhema juu ya maji, mi nikadhani ugonjwa umezidi nikaongeza dozi, yaani nilikuwa nawaua kwa mikono yangu na nia njema. Nilikuja kupima maji siku ya nane.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kupima amonia na nitriti. Zote zinatakiwa zisome 0. Sio ndogo, 0. Nitrati mi siiachi ipite miligramu 20 kwa lita. Ukikuta amonia imepanda, toa nusu ya maji leo, kesho tena nusu, weka maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile, na usiguse filta kabisa. Kama tangi ni jipya, halijafikisha hata wiki 4 hadi 6 tangu filta ianze kufanya kazi, basi jibu huenda umeshalipata hapo, wale bakteria wazuri bado hawajatosha.

Kuhusu joto, hawa ni samaki wa bonde la Amazon, kwenye maji laini, ya moto, mengi yana asidi. Wanataka nyuzi 28 hadi 30. Ukiwaweka 25 kama samaki wengine hawafi siku hiyo, ila hamu ya kula inashuka, kinga inashuka, na vijidudu ambavyo walikuwa navyo siku zote tumboni vinapata nafasi. Tumia kipimajoto cha pembeni, usiamini namba iliyoandikwa kwenye hita. Mi naweka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, moja ikifa ile nyingine inashikilia, na moja ikigoma kuzima haina nguvu ya kuwachemsha wote. Na kumbuka maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, kwa hiyo pampu ya hewa iwake usiku na mchana.

pH ndo inayowasumbua wengi na nadhani wanasumbuka bure. Diskasi waliozalishwa kwenye matangi wanaishi vizuri hata kwenye 7.4, kinachowaumiza ni ipande na kushuka kila mara. Mimi kwa miezi kadhaa samaki walikuwa wanashtuka kila nikibadilisha maji, wanakuwa weusi, wanabana mapezi mpaka kesho yake, nikawa sielewi kabisa. Siku moja nikapima maji ya bomba yakitoka, 6.8, nikayaacha kwenye ndoo na pampu ya hewa usiku kucha nikapima tena, 7.6! Maji yanatoka bombani na hewa ya kaboni dayoksaidi ndani yake, ikishatoka pH inapanda, na yote hayo yalikuwa yanatokea samaki wakiwa ndani. Toka hapo nina pipa, maji yanalala humo siku nzima na hewa na hita ndo yanaingia kwenye tangi, na ule mshtuko uliisha kabisa. Angalizo: kama bomba lenu linawekwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kulaza maji peke yake hakuiondoi, lazima dawa ya kuondoa klorini.

Halafu huo weusi wenyewe una sababu zaidi ya moja. Diskasi ana mistari ya wima, mara nyingi 9, inayojitokeza akiwa na hofu na kufifia akitulia. Ukiingia chumbani mistari ikatokea afu baada ya dakika chache ikapotea, hiyo ni hofu ya kawaida. Akiwa mweusi mwili mzima siku nzima na bado anakula, angalia kama anapigwa na wenzake. Na hapa ndo naona shida yako nyingine, samaki watatu. Hawa wana ubabe wa kupangana nani mkubwa, wakiwa watatu yule wa mwisho anabeba kipigo chote peke yake mpaka anaacha kula. Wakiwa sita kipigo kinagawanyika, ila sita wanataka lita 250 au 300, lita 120 hapana. Usiende kuongeza samaki sasa hivi lakini, ponya hao kwanza.

Sasa huyo wa kinyesi cheupe. Kinyesi cheupe kinachoning'inia kama uzi, pamoja na kukataa chakula (au anachukua chakula afu anakitema), mara nyingi ni vijidudu vya utumbo. Wakati mwingine ni tumbo tupu tu, samaki ambaye hajala siku tatu anatoa ute mweupe pia. Kama amonia ni 0, joto liko sawa, na bado yuko hivyo, mtenge kwenye tangi dogo lisilo na mchanga, sponji na hewa tu, pandisha joto taratibu mpaka 32 hivi, na hapo ndo unatumia metronidazoli. Kama bado anakula hata kidogo changanya dawa kwenye chakula, inafika pale tumboni panapotakiwa. Kama hagusi chakula kabisa weka dawa kwenye maji, badilisha maji kabla ya kila dozi, toa mkaa kwenye filta maana unafyonza dawa, na fuata kipimo cha kwenye pakiti bila kukiongeza. Niliwaokoa wawili waliobaki hivihivi.

Ukiona anapumua kwa upande mmoja, mfuniko mmoja wa matamvua umebanwa, anajisugua kwenye vitu, hiyo ni stori nyingine, minyoo ya matamvua, dawa yake ni prazikwanteli. Mimi iliniingia kupitia samaki wawili wapya nilioingiza bila karantini kwa sababu walionekana wazima kabisa. Sasa hivi mgeni anakaa peke yake wiki 6, ndoo yake, wavu wake, mpira wake wa kuvuta maji.

Chakula usilazimishe. Samaki wakubwa mara mbili kwa siku wanatosha, wadogo mara nne au tano na maji yanabadilishwa karibu kila siku, ndo maana mtu anayeanza namshauri anunue walioshafika sentimita 10. Moyo wa ng'ombe uliosagwa wanaupenda sana ila unachafua maji haraka mno, nusu saa baada ya kula navuta mabaki yote kwa mpira.

Zima taa leo, funika upande mmoja wa tangi kwa karatasi watulie, pima amonia, nitriti na pH, kisha pima pH ya maji ya bomba yakitoka na kesho yake. Niandikie namba zote hapa, na uniambie yule wa kinyesi cheupe anatema chakula au hakigusi kabisa, tutajua kama anahitaji kutengwa.