Tembe sita na makoo wawili: jibu kwa dada wa Kisauni

Dadangu, nimelisoma swali lako. Mko sita nyumbani, uani mna mwembe mmoja na nafasi ya banda kama mita 2 kwa 3, mwataka mayai ya watoto na kuku wa kuchinja akija mgeni, na hujawahi kufuga. Uanze na kuku gani? Walionitangulia wamekwambia uchukue wa gredi, yaani wa kisasa wa mayai, kwa sababu anakaribia mayai 300 kwa mwaka. Kwenye hesabu ya mayai hawakukosea. Walichosahau kukwambia ni joto la kaskazi.

Mimi nilianzia Bamburi na Isa Brown 20, hao hao wa gredi, ndani ya banda la mabati, nikijiona tajiri. Miezi ya kwanza ilikuwa raha tupu, mayai mpaka tukawa tunagawia majirani. Ikaingia Februari. Ijumaa moja nikatoka kwenda msikitini, nikapitia mjini, kurudi saa tisa nawakuta wametanua mabawa, midomo wazi, koo zinapwita. Saba walikuwa wamekwisha kufa, na wote ni wale wanene. Kuku hatoki jasho. Joto likizidi anajipoza hasa kwa kuhema, na hewa yetu hii nzito kwa unyevu inamziba hata mlango huo. Tena kuku wa mayai mengi anakula sana, na kule kusaga chakula tumboni kunamwongezea joto. Waliobaki wakawa wanataga mayai ya ganda jepesi, ukilishika tu linabonyea, mpaka mvua za Aprili. Niling'oa mabati nikaezeka makuti, na chakula nikahamishia alfajiri na jioni, mchana maji ya baridi tu. Vifo vikakoma. Lakini mtu anayeanza sioni kwa nini ajitwike kuku anayetaka kulindwa hivyo.

Kosa langu la pili ni vifaranga vya manjano. Jamaa alipita mtaani na boksi nyuma ya baiskeli, akinadi "kuroiler, kuroiler," ile mbegu ya nyama na mayai, bei nusu ya dukani. Nikabeba 15. Miezi miwili baadaye wote wamechomoza upanga mwekundu, wembamba kama mwiko, ukiwashika kifuani ni mfupa. Yalikuwa madume ya kuku wa mayai. Katika mbegu kama Isa Brown kifaranga jike hutoka wa kahawia, dume hutoka manjano hafifu, na wanaototolesha hawana kazi na dume, ndiyo maana anauzwa bei ya kutupa. Vifaranga vya kuroiler huja rangi mchanganyiko: mweusi, wa mistari, wa kahawia, wa madoadoa. Ukiona boksi zima ni manjano matupu, mpe salamu muuzaji ushike njia yako.

Sasa ningekuwa wewe ningefanyaje? Ningetafuta tembe sita, yaani majike wachanga ambao hawajaanza kutaga, wa kienyeji bora (mbegu zilizoboreshwa), waliokwisha fika wiki nane na kuchanjwa, halafu makoo wawili, majike wakubwa wa kuatamia, wa kienyeji chetu cha Pwani. Vifaranga vya siku moja waachie wenye uzoefu. Vyataka joto la taa usiku kucha na mtu wa kuamka, na wewe una watoto wa shule.

Kwa kienyeji bora utasikia majina matatu: wale wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, waliotokana na kazi ya Naivasha, kuroiler ambaye asili yake ni India, na Sasso wa Ufaransa. Kuroiler na Sasso wanajaa nyama upesi, pora wake (jogoo mchanga) ukimchinja wageni wanashiba, ila ni wazito na wanakula sana. Kwa uani wa Kisauni mimi nampendelea wa KALRO. Ni mwepesi kidogo, anaparura, anajitafutia. Tembe sita wakitulia, kila mmoja mayai matatu au manne kwa wiki, una karibu mayai 20. Chai ya asubuhi imepata mwenzake.

Makoo wawili ni kwa sababu hao wa kienyeji bora wengi hawaatamii. Wanataga wanaondoka, kama hawakuzaa wao. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama dazeni, akakaa siku 21, na akitoka na vifaranga hata paka wa jirani anampisha. Kwa hiyo mwekee yeye mayai ya wale wengine. Jua tu kwamba watoto wa kuroiler hawatatoka sawa na mama yao. Uzito na utagaji hupungua kizazi cha pili. Ukipata koo kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, mchukue mbio. Anaonekana kama aliyetoroka sufuriani, lakini ile shingo tupu ndiyo inayomtolea joto, na kaskazi nzima hutamwona akihangaika.

Kuna watakaokushawishi na kuku aina ya kuchi. Mrefu, amesimama wima kama askari, na ukimwona barazani kwa mtu lazima uulize bei. Mayai yake machache, na majogoo wake wawili hawakai ua mmoja. Baadaye, ukishazoea, jogoo wake atakufaa kuwaongeza kimo vifaranga wako.

Aina yoyote utakayochagua, ugonjwa wa kideri hauchagui. Kinyesi cha kijani, shingo inapinda, kesho yake banda jeupe. Hakuna dawa, kuna chanjo tu, tone moja jichoni, na mimi narudia kila miezi mitatu. Chupa moja ni ya kuku wengi kuliko wako wanane na ikishachanganywa haiwekwi mpaka kesho, kwa hiyo waite majirani wenye kuku, mchange, mchanje asubuhi moja. Ndui nayo huletwa na mbu, na huku kwetu mbu ndio wenyeji, kwa hiyo ulizia na chanjo yake.

Machicha ya nazi wape, wanayapenda, lakini ya siku hiyo hiyo. Yakilala yanafanya ukungu na ukungu unaua. Na yasiwe ndicho chakula chenyewe. Tembe aliyeanza kutaga anataka chakula cha kuku wa mayai, la sivyo utalaumu mbegu bure.

Kunguru ndio nilioshindwa nao. KWS, shirika la wanyamapori, walitangaza mwaka 2024 kwamba watawapunguza kwa milioni moja. Wa kwangu naona hawakupata habari. Mmoja anamchokoza koo mbele, mwenzake anabeba kifaranga nyuma. Vifaranga vyangu hukaa chini ya nyavu kuukuu ya wavuvi mpaka vifikishe miezi miwili, na hapo ndipo kunguru wanapokata tamaa.

Jogoo si lazima kwa mayai ya kula. Ukimtaka kwa ajili ya kutotolesha, kwanza muulize jirani wa dirisha la nyuma. Wangu huwika saa nane za usiku, kila taa ya ngazi ikiwashwa.